Mama Almasi Ataja Tatu

Jina la Mama Almasi lilitoka kwa wateja. Walimwita hivyo kwa sababu ya kikata kioo chake chenye ncha ya almasi, alichokichomeka nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake. Alianza kazi akifagia vigae vya kioo katika karakana ya watu. Siku moja akamwambia tajiri wake, "Hivi vipande mnavyotupa, nitupieni mimi." Wakacheka, wakamtupia. Akavitia fremu, akauza vioo vya kujitazamia vya ukubwa wa kiganja. Miaka ishirini na ushee baadaye karakana ilikuwa yake, na yule tajiri alikuwa akija kununua kwake kama mteja yeyote, tena bila kupunguziwa.

Kioo hakikatwi kama mbao. Unapiga mstari mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo, huinui mkono, hurudi nyuma. Mkono ukienda sawa unasikia mlio mmoja mwembamba, halafu unakigonga kidogo kwa chini na kinaachana chenyewe. Ukiyumba, au ukirudia mstari, kinapasuka kinakotaka.

Miaka minne nyuma, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, kwanza kwenye kikombe cha chai, kisha kwenye ufunguo, kisha mezani pa kukatia. Daktari alimpima na kumwambia haukuwa ugonjwa wa Parkinson. "Wako ni mtetemo wa aina nyingine. Mkono ukilala unatulia. Ukiutuma kazi ndiyo unaanza."

"Kwa hiyo nina mkono mvivu," alisema Mama Almasi.

Dawa alizopewa zilimfanya asinzie juu ya meza ya kukatia, akaziacha. Akajitafutia dawa yake: kiwiko anakibana mbavuni, gumba analikaza, pumzi anaifunga, halafu anakata. Ukimtazama ungedhani ni madaha ya fundi mkubwa. Shida ni kwamba pumzi moja ilitosha kioo cha dirisha dogo tu. Siku alipoletewa kioo kizima cha mbele ya duka, pumzi ilimwishia katikati, na kile kioo kikaenda vipande vitatu mbele ya mwenye duka.

Mdogo wake, ambaye Mama Almasi mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye kazi na kumfundisha, alisubiri mwenye duka aondoke.

"Dada, meza niachie mimi. Wewe kaa mbele, pokea wateja. Mdomo wako unakata kuliko almasi."

"Nani kakwambia nina shida?"

"Kioo kimeniambia."

"Kilikuwa na mshipa kile. Kioo kibovu."

"Sawa. Kioo kibovu. Na kile cha juzi?"

Mama Almasi hakuwahi kumalizia mazungumzo yoyote bila kupata kitu. Alikuwa amesikia kliniki kwamba kuna kifaa kinavaliwa mkononi, kinaazimwa miezi mitatu kwa majaribio, na kikimsaidia mtu, anabaki nacho. Akamwambia mdogo wake, "Nipe miezi mitatu. Ikiisha, nakata kioo kizima mbele ya macho yako. Kikienda sawa, meza yangu mpaka nife. Kisipoenda, nakaa mbele na sitii neno."

"Miezi mitatu, dada. Hakuna kuongeza."

"Nani kaomba kuongeza?"

Kliniki ilitaka ndugu wa kumdhamini mgonjwa, kwa sababu vifaa vilikuwa vichache na foleni ilikuwa ndefu. Hakuwa na mwingine wa karibu. Kwa hiyo muuguzi alipomfikia nyumbani kumfunga kifaa, mdogo wake alikuwa ameshaketi kwenye kochi, miguu ameinyoosha, kalamu ya kutia saini mkononi.

Kifaa kilikuwa kama saa nene isiyo na mishale. Muuguzi, binti mpole mwenye haraka, alieleza kwamba ndani ya ule mkanda kuna vidoa vya chuma vinavyopeleka umeme mdogo kwenye mishipa ya fahamu ya kifundo cha mkono, pale unapopimwa mapigo. "Unavaa nyumbani, dakika arobaini asubuhi, arobaini jioni. Utahisi kama sisimizi wanatembea. Lakini kwanza lazima kijifunze mkono wako. Nyoosha mbele, kama umeshika kikombe, halafu uache utetemeke unavyotaka. Usiuzuie, mama. Kinasikiliza mwendo wake, ndipo kijue kupiga kwa mwendo gani."

Mama Almasi akanyoosha mkono. Akamwona mdogo wake ameacha kuchezea kalamu. Kiwiko kikarudi mbavuni chenyewe, gumba likakaza, pumzi ikafungwa. Kile kifaa kilisikiliza sekunde ishirini, mara tatu, na mara zote tatu kilisikiliza mkono uliobanwa.

"Vizuri," alisema muuguzi, akafungua fomu. "Sasa mama, kuanzia sifuri hadi kumi, mtetemo wako unasumbua maisha yako kiasi gani?"

Hapo ndipo alipojiponza. Maisha yake yote, mtu akimuuliza namba, hiyo ilikuwa ni kufungua bei. Unataja ya chini, mwenzako anashtuka, anataja ya juu, mnavutana, mnakutana mahali. Ya kweli ilikuwa nane. Akahesabu haraka: nikisema tatu, huyu binti atasema, aa mama, mbona nauona ni mkubwa, tuweke saba; nitakubali saba kwa shingo upande, na huyu wa kwenye kochi atasikia kwamba mimi mwenyewe nilisema tatu.

"Tatu," alisema.

Muuguzi akaandika tatu. Akageuza ukurasa.

Mama Almasi alibaki na mdomo wazi, kama mtu aliyetupa kamba na upande wa pili hakuna wa kuivuta.

Wiki nne za kwanza sisimizi walitembea bure. Kila alipomaliza, kifaa kilimuuliza: nafuu, vile vile, au mbaya? Akabonyeza vile vile, na ilikuwa kweli. Chai iliendelea kumwagika. Mezani alikata vidogo tu, na vikubwa alivisingizia joto, vumbi, mteja hajarudi kuthibitisha vipimo.

Wiki ya tano, asubuhi moja, nyumba tupu, alikaa kitandani akakitazama kile kifaa. "Mimi na wewe tumedanganyana," akakiambia. Muuguzi alikuwa amemwonyesha kitufe cha kupima upya. Akakibonyeza. Akanyoosha mkono mbele ya ukuta na, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, akauachia. Ulitetemeka hadi shuka likatikisika. Hakuutazama. Alitazama ukuta mpaka sekunde zikaisha.

Siku tatu baadaye alijaza kikombe cha chai hadi ukingoni na kukifikisha mdomoni. Nafuu ilidumu kama saa moja na nusu baada ya kuvua kifaa, halafu mkono ukarudi kwenye ulevi wake. Saa moja na nusu kwa fundi wa kioo ni nyingi kupita kiasi. Alianza kuvaa alfajiri na kuwahi karakana kabla ya mdogo wake. Alikata kioo cha kabati, kikaenda. Akakata kirefu kuliko yeye mwenyewe, huku anapumua na anaimba puani. Kikaenda.

Na kifaa kilipomuuliza, nafuu, vile vile, au mbaya, bado alibonyeza vile vile. Maana bidhaa unayoitaka huisifii kabla haijawa yako. Wakijua kimemfaa, watasema amepona, watakinyang'anya wampe mwingine. Au watamwekea masharti. Alijua wenye mali walivyo. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Miezi mitatu ikaisha siku moja kabla ya ile ya kukata mbele ya mdogo wake. Wakaenda kliniki pamoja, mdhamini na mdhaminiwa. Muuguzi alikuwa yule yule. Alikiunganisha kifaa kwenye kompyuta, akasoma, akakunja uso.

"Mama, hapa kila siku ni vile vile. Hakuna nafuu hata moja. Tuna watu wenye tisa, kumi, wanangoja. Wewe una tatu."

"Ngoja kwanza, mwanangu."

"Nangoja, mama."

Mama Almasi alimtazama mdogo wake, ambaye alikuwa akisoma tangazo la ukutani kwa makini ya mtu asiyesoma. Angeweza kunyamaza. Angerudi karakana na heshima yake na mkono wake, na kesho kioo kingepasuka. Au angesema. Kifaa kingebaki, na kesho mkono ungeenda sawa, hata kama mdogo wake angekuwa ameshasikia yote.

"Si tatu," alisema. "Ni nane. Tangu mwanzo ni nane. Nilipunguza."

"Ulipunguza?"

"Kama watu wanavyopunguza. Nilidhani utapandisha." Akanyoosha mkono juu ya meza ya binti, akauachia. Kalamu zikagongana ndani ya kikombe chao. "Huo hapo. Na kinanisaidia. Nikikivaa, nakata kioo kirefu kuliko mlango huu."

Muuguzi hakuutazama mkono kwa muda mrefu. Alikuwa akitazama kompyuta. "Mwanzoni tatu, na kipimo kidogo. Wiki ya tano kipimo kimepanda ghafla. Leo nane." Akapunguza sauti, kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Mama, hii inaonyesha kifaa kimekuzidishia. Kwa hali hii siruhusiwi kukuachia hata siku moja."

"Hakijanizidishia! Nilikuwa nimeubana!"

"Kwa nini uubane? Nilikwambia usiuzuie."

Mama Almasi alimtupia jicho mdogo wake pale kwenye tangazo, akauondoa mkono mezani.

"Basi siku zote umeandika vile vile. Hiyo nayo ulipunguza?"

"Hiyo nayo."

"Sasa mimi niamini ipi, mama?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kweli, na akangoja kidogo, kisha akafungua mkanda. Kwenye mkono ilibaki alama ya vidoa vya chuma, mviringo mzima. "Naweza kukuandikisha upya. Foleni ni ya mwaka, au zaidi."

Walipofika pembe ya karakana mdogo wake alipunguza mwendo. "Nane," akasema.

"Kesho nakata, tulikubaliana."

"Dada. Nane umetaja mwenyewe."

Kesho yake alipofika, mto wake wa kukalia haukuwa kwenye stuli ya mezani. Ulikuwa kwenye kiti cha mbele, umekung'utwa vumbi, umewekwa sawasawa. Alikuwa amesema hatatia neno, na hakutia. Alikichomoa kikata kioo nyuma ya sikio, akakiweka juu ya meza ya kukatia, akaenda kukaa, mikono ameibana katikati ya magoti.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke aliyetaka kioo cha ukutani. Nyuma ya pazia, mezani alipokuwa mdogo wake, mlio mwembamba ulianza, ukaenda, ukaenda, hadi ukingoni. Mama Almasi aliusikiliza wote.

"Mama, nimekuuliza, kiasi gani?"

Akamtajia. Hakufungua kwa juu, hakuzunguka. Alitaja ile ya mwisho kabisa, ambayo siku nyingine wangeifikia jua likiwa limegeuka.

Yule mwanamke akacheka, akashusha mkoba wake chini, akajiweka sawa kama mtu aliyekuja na siku nzima.

"Haya basi," akasema. "Sasa niambie ya kweli."