Jumapili za Kukaguana

Tangu dada yangu azikwe, siku inayonishinda ni Jumapili. Zamani tukitoka kanisani tulifunga mlango wa chumba chetu pale Majengo, tukavua, tukakaguana: mgongo, nyayo, mpaka ndani ya mdomo kwa tochi ya simu. Sote wawili tulikuwa na virusi, na miaka ile dawa zilipokuwa za shida tuliwaona wenzetu wa kliniki wakitoka mabaka meusi kwenye ngozi. Tukaambiwa ni saratani. Mvua zilizofuata hazikuwakuta. Basi tukaogopa ngozi.

Dada alikuwa na vidoa thelathini na kimoja mgongoni. Nilivihesabu mara mbili kila Jumapili.

"Unanipapasa kama mbuzi wa mnadani," alisema. "Unanunua au hununui?"

Nilimjibu kwamba kwa miguu ile myembamba, mnunuzi angeomba nyongeza.

Dawa zikatukubali, tukanenepa, tukaanza kuzeeka. Wenye mabaka wakawa adimu kliniki. Nesi akawa anatuhimiza tupime mlango wa kizazi kila mwaka, mimi nikawa napiga kalenda, mwezi ujao, mwezi ujao. Niliamini saratani yetu tunaijua sura.

Kisha dada akaanza kutokwa damu, na hedhi ilishakoma miaka sita nyuma. Akacheka, akasema dawa zimemrudisha usichana. Nikamkagua mgongo. Thelathini na kimoja. Nikamwambia yuko safi. Neno hilo nililisema mimi, na miezi mitano ikapita juu yake.

Alipokuja kupimwa, ilikuwa imeshasambaa. Daktari alitueleza taratibu kwamba ile ya ngozi haioni sana sasa. Watu wanaishi muda mrefu, na kwa kina mama wenye virusi anayokutana nayo zaidi ni hii. Ikiwahiwa inatibika. Nilimwomba apunguze kidogo hayo aliyosema. Hakupunguza.

Dada akanigeukia. "Kapime, mdogo wangu. Sasa hivi, nikiwa nimekaa hapa."

Nikaanza kuleta maneno, kama ninavyowazungusha wateja wa cherehani yangu.

"Mimi siyo mteja wako," akasema.

Nikaingia. Nilipotoka na kumwambia hawajaona kitu, alinishika mikono yote miwili, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. Nikarudi ndani kumuuliza nesi kama majibu yangu naweza kumgawia dada nusu. Alitabasamu, akadhani natania.