Serikali ya Mama Yangu na Mume Wangu

Watu wa laini ya juu walimchagua mume wangu awaongoze kwa sababu alikuwa na sauti kubwa na hakumwogopa nyapara. Watu wa laini ya chini walimchagua mama yangu kwa sababu hizo hizo. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, ndipo shamba zima lilipokumbuka kwamba hao wawili ni mtu na mama mkwe wake, na kwamba kwetu magharibi mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, wala hawashikani mikono. Nilicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Halafu nikaacha kucheka, maana shida ilikuwa yangu.

Shamba lenyewe lilikuwa la kahawa, kati ya Ruiru na Thika. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni ilikuwa inaelekea ukingoni. Wenyeji wengi walikuwa wamehamishwa, na sisi wa magharibi tulikuwa tumeletwa kwa malori kujaza nafasi zao. Tuliishi pale kwa adabu kidogo, kama mgeni aliyelazwa kwenye kitanda cha mtu mwingine.

Nyumba zetu zilikuwa safu mbili, ndizo laini. Laini ya juu ilikuwa ya wanaume wa kiwandani, walioosha na kukausha kahawa, pamoja na wake zao. Laini ya chini ilikuwa ya wachumaji, wengi wao wanawake wasio na waume, na mama yangu mjane alikuwa mmoja wao. Stoo mpya ilipojengwa, meneja wetu Mzungu alisema ile ya zamani atatupa sisi wafanyakazi, mradi iwe chini ya kamati tutakayoichagua wenyewe, na wanawake nao wapige kura. Laini ya juu ilitaka stoo iwe mahali pa wanaume kunywa pombe na kupiga soga jioni. Laini ya chini ilitaka iwe mahali pa kulaza watoto wakati wa mavuno.

Mimi nililala laini ya juu, lakini moyo wangu ulishinda laini ya chini. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa hajaanza hata kutambaa. Wakati wa kuchuma, ama ulimfunga mtoto mgongoni na mvua yote ikamwishia yeye, ama ulimlaza kwenye gunia chini ya mibuni ukamwomba Mungu siafu wasipite. Msimu uliotangulia walipita. Mtoto wa jirani yangu aliokolewa, lakini kilio chake kilinifikia huku mbali nilikokuwa nikichuma, na mpaka wakati wa uchaguzi kilikuwa hakijanitoka masikioni. Sasa meneja alikuwa ametuonya: kahawa ikianza kuiva kabla hatujapata mwenyekiti, stoo itarudi kuwekwa magunia.

Basi matokeo yalikuwa hivi: wajumbe wanne wa juu, wanne wa chini, na mmoja asiye wa huku wala huko. Huyo alikuwa mchunga maksai wa shamba, mwenyeji wa Gatuanyaga, upande wa Thika, aliyeishi peke yake karibu na boma la ng'ombe. Mume wangu alimpelekea tumbaku. Mama alimpelekea viazi vitamu. Alipokea vyote kwa furaha.

"Mimi nikienda juu, huku chini nani ataniongelesha?" alituambia. "Na nikienda chini, hao wa juu si watanifungia njia ya ng'ombe? Kaeni pamoja nyinyi wenyewe. Mkikaa, mimi niko."

Tukaomba ruhusa ya mkutano, tukapewa Jumapili baada ya kanisa. Mume wangu alitangulia, akakalia kiti cha mbele. Mama alipofika mlangoni na kumwona, alijifunika leso usoni, akageuka, akaenda zake. Ilikuwa heshima tupu. Lakini meneja, aliyekuwa amesimama pembeni na kiko chake, akatikisa kichwa.

"Huyu mama nakataa shauri," alisema, na hakuna aliyejua aanzie wapi kumweleza.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimewaka. "Baba ya mtoto," nikamwambia mume wangu, "wewe utakaa ndani, mama atakaa nje nyuma ya ukuta wa mabati, na mimi nitakaa mlangoni. Maneno yatapitia kwangu." Alitaka kubisha. Nikamwonyesha mtoto, akakubali.

Ndivyo tulivyofanya Jumapili iliyofuata.

"Mwambie mwenye nyumba yako," mama alisema kule nje, "pombe haitaingia mahali watoto wanalala."

Kila mtu alisikia, mume wangu naye alisikia, lakini alikodolea macho dari mpaka nilipoyarudia.

"Mwambie mama yako watoto hulala mchana. Jioni wanaume waende wapi?"

Nikageuza shingo, nikapeleka. Mwanzoni watu walivunjika mbavu. Baadaye niliona kwamba katika kule kusubiri, hasira zilikuwa zinapoa. Tangu hapo nimeona serikali kadhaa kubwa kubwa ambazo zingefaidika na ukuta wa mabati.

Tulipomaliza, stoo ilikuwa ya watoto mchana na ya wanaume jioni, bila pombe. Mume wangu angekuwa mwenyekiti, mama makamu wake. Mchunga maksai akainua mkono, kamati ikapata watu wa kutosha. Mume wangu alilala usiku huo akitabasamu. Alikuwa amekitaka kiti kile kama mtoto anavyotaka sukari, na koti lake alikuwa ameshalipiga pasi.

Meneja alikuja asubuhi, ufunguo mkononi, kahawa za mbele zikiwa zimeanza kuwa nyekundu. Alitukusanya mbele ya stoo.

"Nyinyi wawili peana mikono," alisema. "Mimi naona, halafu natoa ufunguo."

Mama alitazama ardhi. Nikaona mkono wa mume wangu unatoka mfukoni, na sikujua niombe nini. Niliutaka ule ufunguo. Lakini kama angemgusa mama mbele ya umati ule, mama angefunga mzigo wake arudi magharibi, na nyumbani kwangu asingekanyaga tena.

Mkono ulikwenda kichwani. Akavua kofia.

"Bwana, mimi hapana kuwa mwenyekiti," alisema. "Mwenyekiti ni yule mama. Peana yeye mkono. Mimi kwa kamati nitakaa nje."

Meneja aliinua mabega, akampa mama mkono, akampa na ufunguo. Laini ya juu ilinung'unika. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba huyu ameolewa yeye. Mume wangu, ambaye hakuwahi kuliacha neno lipite bure, aliliacha lile likapita.

Mvua za mwaka ule ziliwahi. Kamati ilipokutana tena, mama alikuwa ndani kwenye kiti, watoto wamelala kwenye mikeka nyuma yake, wangu akiwa mkavu kati yao. Mume wangu alikuwa nje, amejifunika gunia kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, mdomo kwenye mabati.

"Mwambie mwenyekiti," alipaza sauti, "wanaume wanaomba taa ya jioni!"

Nilikuwa nimeolewa naye kwa mapatano ya wazee. Nilikuwa nimempikia, nimemzalia, na sikuwahi kujiuliza kama nampenda. Pale mlangoni nilijua nampenda, nikajua sana. Niligeuka nimpe mama maneno yake, na sauti ikakataa kutoka.

Mama alinitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa, hakunisubiri.

"Taa mtapata," aliuambia ukuta. "Na wewe uliye huko nje, sogea chini ya paa, mwanangu. Unalowa."