Nilivyojipa Ngozi ya Mafuta

Uso wangu ni mkavu. Sentensi hiyo naiandika taratibu, maana nimeikana kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeikana mbele ya dada yangu, mbele ya wauza vipodozi, na mbele ya mwanafunzi mmoja mwenye huruma aliyeacha kopo dogo la mafuta ya mgando juu ya meza yangu baada ya kipindi. Kopo lile nililikabidhi kwa karani wa chuo kama kitu kilichosahauliwa. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba nina ngozi ya mafuta, kwa sauti ya mtu anayetaja shahada yake.

Kwa mtu aliyekulia Ujiji hilo si jambo dogo. Ukitoka nyumbani na nguo iliyochanika watu watakuonea huruma, lakini ukitoka umepauka wataulizana mama yako yuko wapi. Mama yangu hakuwahi kusikia kwamba kuna aina za ngozi. Kwake ziko mbili tu, iliyopakwa na isiyopakwa, na hiyo ya pili dawa yake ilikaa kwenye chupa dirishani: mafuta ya mise, yale yanayotoka kwenye kokwa la chikichi, meusi kidogo, yenye harufu ya kitu kilichonusurika kuungua. Nyumba nzima ilinukia mise. Mapazia, magodoro, hata madaftari yangu ya shule. Sisi wenyewe hatukuisikia tena harufu ile. Wageni ndio waliotuambia.

Elimu ya aina za ngozi niliipata mwaka wa pili chuo kikuu, kwenye ukurasa ambao mwenzangu wa chumbani aliuchana kutoka gazeti la wanawake. Niliusoma kwa bidii ambayo somo la takwimu halikuwahi kuipata kwangu. Ukurasa ulisema hivi: osha uso jioni kwa sabuni laini, usipake kitu chochote, lala. Asubuhi, kabla hujagusa maji, chukua vipande vya tishu, bandika kimoja kwenye paji, kimoja puani, kimoja shavuni, kimoja kidevuni. Kisha vitazame kwenye mwanga. Vikiwa na madoa ya mafuta vyote, ngozi yako ni ya mafuta. Madoa yakiwa kwenye paji na pua tu, ni ya mchanganyiko. Visipokuwa na kitu na uso ukakubana kama nguo iliyosinyaa, ni kavu. Visipokuwa na kitu na uso umetulia tu, una ngozi ya kawaida, umshukuru Mungu. Pembeni kulikuwa na onyo kwamba mtu wa aina yoyote kati ya hizo anaweza pia kuwa na ngozi nyeti, inayokasirika upesi. Onyo hilo sikulisoma mara mbili. Ukurasa ulisema pia kwamba wenye ngozi ya mafuta huchelewa kuzeeka, na hapo nikajua ninataka ipi.

Jaribio nililifanyia nyumbani, likizo, chumbani kwangu kwa mama. Vipande vyote vinne vililowa. Nilivibandika kwenye kioo cha dirisha vikakaa vyenyewe. Nilifurahi kama niliyepata daraja la kwanza, na mtu aliyefaulu mtihani harudii. Tangu siku hiyo nikawa naosha uso mara tatu kwa siku, kwa sabuni ya kukata mafuta, na mafuta yenyewe sikuyapa nafasi. Uso ulianza kunibana kila ikifika saa nne asubuhi. Nilisema ni kiyoyozi. Pembeni mwa pua ukaanza kumenyuka, nikasema ni vumbi. Nilipofika miaka arobaini na mikunjo ikawahi kuliko kwa wenzangu, nilisema ni mawazo, kwa kuwa msomi lazima awe na mawazo.

Haya yote yangebaki kati yangu na kioo kama binti wa dada yangu asingepata mchumba.

Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka wa Burundi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na harusi yake ilikuwa imeahirishwa mara moja kwa sababu mama wa mchumba alikuwa na wasiwasi ambao hakuutaja. Wasiwasi huo ulimfikia binti kwa njia ya mashoga zake: kwamba yule mwalimu amechomwa sana na jua la ziwani, sura imechoka. Safari hii siku ilipangwa, na Jumamosi moja kabla yake wanawake wa upande ule walikuwa waje nyumbani kwa mama yangu Ujiji kumwona bibi harusi. Binti akaja kwa boti wiki tatu kabla, akafikia kwa bibi yake. Mimi naishi Kigoma mjini, nafundisha chuoni. Siku ya nne akanipigia.

"Mama mdogo, wewe ndiye mtaalamu wa uso. Nisaidie. Jumamosi ile moja tu nataka nikae mbele za watu bila kutafuta mtandio wa kujifichia."

Wa kunikanya alikuwepo nani? Kesho yake asubuhi, kabla hajanawa, nilikuwa Ujiji na pakiti ya tishu. Mama alikuwa jikoni. Nilimkalisha binti kwenye kigoda karibu na dirisha.

"Jana jioni uliosha kama nilivyokuambia?"

"Niliosha."

"Na hukupaka kitu?"

"Sijapaka kitu, mama mdogo."

Nikabandika vipande vinne. Vikalowa vyote, na kile cha paji ungeweza kusomea gazeti kupitia ndani yake. Nilimwonyesha kama daktari anavyoonyesha picha ya mfupa.

"Unaona? Umenirithi mimi. Hii ni ngozi ya mafuta."

"Mbona ikifika mchana huko Kagunga inakuwa kama ya kenge?"

"Hiyo ni juu juu tu," nilisema. Mpaka leo sijui nilikuwa na maana gani.

Nikamwachia sabuni yangu, ya kutumia mara tatu kwa siku, na udongo wa kupaka usoni jioni ukakauka. Kisha nikaenda jikoni kutoa maagizo.

"Mama, huyu asipakwe mafuta yoyote usoni mpaka harusi ipite. Ngozi yake inajitengenezea."

Mama aliacha kukoroga uji. "Hata kidogo?"

"Hata tone."

Alinitazama muda mrefu kidogo, mwiko mkononi. "Haya, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa Kiha. "Aliyesoma ni wewe."

Siku ya tatu binti alinipigia kusema uso unabana. Nikamwambia ukibana ujue dawa inafanya kazi. Siku ya sita akasema unawasha, na akinawa unachoma. Nikamwambia ngozi inatoa uchafu wa zamani. Siku ya nane hakupiga simu. Nikaenda mwenyewe, nikakuta mashavu yamepasuka vistari vyeupe, na pembeni mwa pua ngozi inamenyuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Ilikuwa inafanana sana na kitu ninachokiona kila asubuhi, na sikutaka kukumbuka nimekiona wapi.

"Tumwone mpambaji," nilisema. "Wao wanajua kuficha."

Mpambaji ana saluni yake Buzebazeba, dada wa miaka kama ishirini na sita, kucha ndefu, maneno mafupi. Alimpaka binti poda upande mmoja, akarudi nyuma hatua moja, akatazama. Poda ilikuwa imeng'ang'ania kwenye magamba, kila gamba limesimama peke yake.

"Mama, nikuambie ukweli au nikufurahishe?"

"Ukweli."

"Huyu si wa kupakwa poda. Huyu ni wa kuonewa huruma. Nani kampa hiyo sabuni anayotumia?"

Binti alitazama viatu vyake. Hakunitaja. Sitasahau kwamba hakunitaja.

"Ni upepo wa ziwani," nilisema mimi. "Alikuja na boti kutoka Kagunga. Ule upepo unachuna watu."

Mpambaji alihamisha macho, akanitazama paji, akashuka puani, akamalizia mashavuni.

"Na wewe mama ulikuja na boti hiyo hiyo?"

Wateja wawili waliokuwa wakisukwa walicheka mpaka msusi akawaambia watulize vichwa. Kwenye bajaji ya kurudi Ujiji binti alijifunika mtandio mpaka machoni, kitu kile kile alichoniomba nimwepushe nacho. Zilibaki siku kumi kabla ya ile Jumamosi.

"Nitawaambia naumwa," alisema. "Waje siku nyingine."

Siku nyingine isingekuwepo. Mama mkwe aliyekwisha kuahirisha mara moja hakuhitaji sababu ya pili, hasa sababu anayoweza kuiona kwa macho. Nilijua, na binti alijua kwamba najua.

Kesho yake mchana nilikuwa nyumbani, nimekaa mbele ya karatasi za mitihani za wanafunzi bila kusahihisha hata moja. Nilikuwa nimeshatafuta nani mwingine wa kumlaumu. Upepo nilikwisha kuutumia. Maji ya bomba nilikuwa nimeyaweka akiba. Simu ikaita, na nilipoona ni mama nilishtuka, kwa sababu simu ya mama ni ya kupokelea. Yeye hapigi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Mtoto amejifungia chumbani. Chai ameikataa, na chakula pia. Nakuomba ruhusa."

Mama yangu ana miaka sabini na kitu, na hakuwahi kuniomba ruhusa ya jambo lolote, hata alipouza kitanda changu.

"Ruhusa ya nini, mama?"

"Nirudie kumpaka."

"Kurudia? Ulikuwa unampaka lini?"

"Kila siku. Tangu ashuke kwenye boti mpaka siku uliyokataza. Ulisema hata tone, nikaacha."

Niliweka kalamu chini. "Mama, siku ile ya tishu nilimuuliza. Akasema hajapaka kitu."

"Atajuaje, naye kalala? Nikimaliza kuswali alfajiri, nikishaomba dua, nachovya vidole kwenye chupa napita vyumbani. Usoni tu, kidogo, kila mtu. Dua haishiki kwenye uso uliopauka."

Nilikuwa namwona binti kwenye kigoda karibu na dirisha, na vile vipande vinne, na jinsi nilivyoinua kile cha paji kwenye mwanga. Nilikuwa nimepima mkono wa mama yangu. Na baada ya kuupima niliukataza, nikamwachia binti mwenye uso mkavu sabuni ya kukata mafuta ambayo hakuwa nayo.

"Kila mtu, ndio nani?" niliuliza.

"Anayelala kwangu. Kaka yako nilimpaka mpaka anaoa."

Kaka yangu alikuwa na chunusi ujana wake wote, na kadiri zilivyozidi ndivyo mama alivyoongeza mafuta. Uso wake ndio uliokuwa wa mafuta kweli katika nyumba yetu, na ndio pekee uliostahili sabuni yangu. Hilo sikulisema. Kulikuwa na swali jingine, na nililiogopa kabla halijatoka.

"Na mimi?"

"Wewe?" Mama alicheka kidogo. "Wewe ndiyo zaidi. Ulikuwa unarudi likizo kutoka chuoni uso umepauka kama uliolala kwenye unga. Nilikuwa nakupaka, naenda kumaliza nyuradi zangu, narudi nakupaka tena. Ulikuwa umelala fofofo. Msomi halali usiku, nilijisemea, acha apumzike."

Nikaona dirisha jingine, na vipande vingine vinne vilivyokaa vyenyewe kwenye kioo. Mara tatu kwa siku, zaidi ya miaka ishirini. Niligusa shavu langu. Lilikuwa linabana, ilikwisha kupita saa nne.

"Halo? Umekata?"

"Sijakata, mama."

"Nakuuliza. Nimpake au nisimpake?"

"Mpake. Asubuhi na jioni, na akiwa macho, ajue. Ile sabuni itupe, anawe kwa maji tu. Udongo nao utupe. Kesho nampeleka hospitali wamtazame, nitaomba ruhusa kazini."

"Hospitali sawa. Na nimwambie ni nani kakosea? Maana ananiuliza tangu asubuhi kama ana ugonjwa."

Nje bodaboda ilipita ikipiga honi. Nilingoja ipite, ingawa haikuwa na kelele nyingi kiasi hicho.

"Mwambie ni mimi. Ngoja. Mpe simu nimwambie mwenyewe."

Nilisikia kandambili za mama zikiburuta kwenye sakafu, kisha akigonga mlango, akisema kwa sauti ya chini, "Fungua, ni mama yako mdogo." Kisha komeo likafunguka.

"Mama mdogo?" Sauti ilikuwa nzito ya kulia.

"Huna ugonjwa," nilisema. "Una uso mkavu tu. Na mimi pia."