Ubavu Mweusi wa Gauni

Picha ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu hapa mtaani Chaani wapo watakaokwambia vingine. Mume wangu, aliyekuwa akipakua mizigo bandarini, aliniletea vikombe vilivyofungwa kwa ukurasa wa gazeti la Wazungu. Kwenye ukurasa huo alisimama mwanamke mwembamba kando ya ukuta, mkono kiunoni, kavaa gauni ambalo sikupata kuliona kwa mtu. Vikombe nikaviweka kando. Picha nikaibandika ukutani, juu ya cherehani, kwa uji wa muhogo.

Vita vilikuwa vimekwisha na vitambaa bado vilikuwa adimu. Kila nilipokanyaga cherehani niliinua macho kwa yule mwanamke. Kola yake niliijua, kiuno nilikijua, marinda niliyahesabu. Mdogo wangu alikuwa ameposwa, na gauni lake nilitaka nilishone mimi. Sisemi lile jeupe la kanisani. Hilo lilikuwa moja tu mtaani, maharusi wote wakiliazima kwa zamu. Nasema la kubadilisha, la kupigia picha na kuchezea ngoma alasiri. Hilo ndilo watu walilolikumbuka.

Nikashona la kujaribia kwa marekani, kile kitambaa cha bei rahisi, nikalivaa mwenyewe. Kola sawasawa, kiuno sawasawa. Watu wakasema, "Zuri." Basi, zuri tu, kama mtu anayesifu uji.

Jirani yangu alikuwa mke wa mtu wa reli, mwanamke wa bara, naye ana cherehani yake. Siku moja alikuja kuazima sindano, akakaa, akanywa chai kwa kikombe changu, akaitazama picha yangu.

"Dada, huyu ni nani?"

Nikamwambia simjui. Akamaliza chai, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata akaja kanisani na gauni. Ubavu mmoja mweupe, wa pili mweusi ti, kuanzia begani mpaka kwenye pindo. Weusi ule niliutambua: ni mapazia ya wakati wa vita, tuliyokuwa tukifunikia madirisha taa zisionekane na ndege za adui. Wanawake walimzunguka wakimshikashika nguo. Mdogo wangu alikuwa wa mbele kabisa.

Roho iliniuma, wallahi. Nikamwambia palepale, mbele yao.

"Mwenzangu, ile picha hukuielewa. Yule mwanamke kasimama kando ya ukuta, jua linampiga upande mmoja. Ule weusi ni kivuli. Gauni lake ni jeupe lote."

Nikangoja watu wacheke. Yeye akajitazama ubavuni, taratibu.

"Najua ni kivuli, dada," akasema. "Nimekipenda."

Hakuna aliyecheka. Kivuli kile kilikaa juu ya kichwa changu miezi yote ile, nami nilikuwa nakiruka kwa macho ili nifike kwenye kola. Yeye alikiona kwa kikombe kimoja cha chai. Mapazia hata mimi nilikuwa nayo, yamekunjwa chini ya kitanda. Nilichomwonea kijicho ni macho yake.

Jioni mdogo wangu akaja. Alinisalimu kwa adabu kuliko kawaida yake, nikajua.

"Shikamoo, dada. Usinikasirikie. Nataka lile."

"Lipi?" nikamuuliza, nami nalijua.

"La kivuli."

Nikamwambia aende kwa aliyelishona. Akaenda, tena bila kugeuka.

Picha ya harusi ninayo mpaka leo, pale pale juu ya cherehani. Mdogo wangu kasimama uwanjani, jua limemwagika kila mahali, mkono kiunoni, na ubavu wake mmoja mweusi. Mgeni akija akaitazama husema, "Siku hiyo jua lilikuwa la upande, eti?"

"Ndiyo," humjibu. "Tena lilikuwa kali." Kisha humwongezea chai.