Niliandika "Mtumaji amekatisha" kwenye code, mama wa watu akafukuzwa kazi

Wakuu, heshima kwenu.

Hii imenitokea mwenyewe na sitatia chumvi, maana hata ilivyo inanichoma. Wasio watu wa code msiondoke, nitaeleza kwa lugha nyepesi.

Mimi ni developer wa kituo kimoja binafsi cha afya chenye matawi mawili, Pugu na Chang'ombe. Mashine ya X-ray iko Pugu, daktari wa kusoma picha yuko Chang'ombe. Nikapewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kutuma picha. Mtumaji kule Pugu alikuwa Mama Neema, karani wa siku nyingi.

Sasa, library niliyotumia, yaani code iliyokwisha kuandikwa na wengine, ina kitu kinaitwa callback. Unaipa function yako, kipande kidogo cha code, nayo inaiita kila mara wakati faili linakwenda, kukuuliza: niendelee? Ukirudisha sifuri inaendelea. Ukirudisha namba nyingine inaacha hapo hapo.

Nikaweka timeout humo. Sekunde 60 zikipita, rudisha 1. Kwa internet ya Chang'ombe picha ilimaliza kwa sekunde nane, nikajiona fundi.

Kumbe nilihesabu muda tangu mwanzo tu, sikuangalia kama data bado inatembea. Internet ya Pugu inajikongoja. Picha inafika asilimia tisini, dakika inaisha, code yangu inaikata.

Lakini si hilo lililonileta hapa.

Library ikisimamishwa hivyo inatoa error ya Kiingereza, kwamba imekatishwa na callback. Nikasema watu wetu callback wataijulia wapi? Nikaandika: "Mtumaji amekatisha." Kichwani mwangu mtumaji ni ile program inayotuma. Kikaoni nikasifiwa kwa kuweka Kiswahili.

Wiki tatu baadaye meneja akafungua ripoti. Mtumaji amekatisha, mtumaji amekatisha, ukurasa mzima, na pembeni jina la Mama Neema kwa sababu ndiye aliyelogin.

Akaitwa Chang'ombe. Nilikuwepo.

"Mama, kwa nini unakatisha picha za wagonjwa?"

"Sijakatisha baba, mie nabonyeza tuma tu. Inakataa yenyewe."

"Yenyewe? Mbona mfumo unasema ni wewe?"

Mama akanigeukia. "Mwanangu, hebu waambie basi."

Wakuu, nilisema "ngoja nikaangalie." Basi. Moyoni nilishaanza kuhisi kosa liko wapi, ila nilikuwa bado kwenye probation, nikafyata mkia.

Akaachishwa siku hiyo hiyo.

Nikaenda kuangalia kweli. Marekebisho yalikuwa mistari mitano: callback ikumbuke data iliyokwisha kupita, ikiona inaongezeka ianze kuhesabu upya, ikigoma dakika nzima ndiyo iache. Picha za Pugu zikaanza kufika zote.

Nikamfuata meneja, nikamwambia kosa ni langu. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Braza, nafasi ishajazwa. Shukuru mfumo umekaa sawa."

Nikaenda Pugu, nyumbani kwa Mama Neema, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Akauliza kitu kimoja tu.

"Siku ile nakuita, ulikuwa ushajua?"

Nikamwambia nilihisi.

"Haya. Mie nilidhani hukujua."

Akarudi kwenye mchele wake. Nilipoaga akaitikia vizuri tu. Heri angenitukana.

Developer wenzangu, timeout ipime data iliyokwama, msitegemee saa peke yake. Na error isimtaje mtu kama aliyekata ni code yako. Hayo ya kitaalamu mnaweza kuyasoma popote.

La kwangu ni hili: kurekebisha code kulinichukua nusu saa, na nilijisikia mwema sana siku hiyo. Mama alihitaji sentensi moja, aliniomba mbele ya watu, nikaikalia.

Anayejua namna ya kumsafishia mtu jina kazini baada ya hapo aniambie. Na wa kunisema waje, sitajibu.