Blauzi ya Mwalimu Mzungu

Mjukuu wangu akipiga pasi ya mkaa, ikitoka tu ile harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua, mwalimu wangu mzungu ananirudia puani.

Alikuwa Mpresbiteri, Mungu amrehemu, kama alishapanga kumrehemu. Mama mkavu, vifungo mpaka kidevuni, hana mume wala mtoto. Wavulana aliwapa vibao vya kuandikia. Sisi wasichana alitupa nguo zake tupige pasi barazani, na baridi letu hili la Ufipa. Mimi nilitaka kusoma mpaka roho inauma. Siku hiyo nachungulia dirishani, nafuatisha wavulana kimoyomoyo, "a, e, i," kumbe pasi nimeilaza juu ya blauzi yake. Ikatoboka kifuani.

Akaja, anaongelea puani: "Wewe toto! Mungu alipanga kila kitu kabla wewe hajazaliwa! Mwanaume, kazi ya nje. Mwanamke, nyumbani, kwa mume wake!"

Nyumbani! Na mama yangu saa hiyo yuko shamba la ulezi, jembe mkononi, mtoto mgongoni.

Nikamwuliza kwa adabu kabisa: "Samahani mwalimu. Na wewe mume wako yuko wapi? Mbona Mungu amekuleta huku nje peke yako?"

Wavulana wakacheka mpaka vibao vikaanguka. Yeye akawa mwekundu kama pilipili. "Toka! Usirudi!"

Nikatoka. Mpaka leo, zahanati wakinipa karatasi, naweka dole gumba.