Mdadisi na Mlango wa Mama

Mtaani walimwita Mdadisi, maana hakuna jambo aliloliacha bila kuuliza. Alianza na habari za mafundi saa, kikatoka kitabu chembamba. Kikafuata cha wapishi wa shule, halafu cha wazoa taka. Mambo matupu ya kweli, hata chumvi hakutia. Jumamosi alifundisha uandishi katika chumba cha nyuma ya maktaba, na sharti lake lilikuwa moja: ukimwandika mtu, msomee kabla hujapeleka kitabu kwa mchapaji. Akikataa, futa.

Kitabu cha nne kilikuwa cha madobi wa hospitali. Mama yake alifua mashuka pale miaka ishirini na miwili, kwa hiyo siku hiyo zamu ya kusomewa ilikuwa yake. Tangu asubuhi mama alikuwa na hofu. Alikwisha kudokezewa kilichomo: mtoto aliyefungiwa ndani peke yake, mama kaenda kazini. Watu wakikisoma watasemaje? Walimwengu hawana dogo.

Mdadisi, binti yake, alisoma mezani, jikoni. Amekonda huyu, mama aliwaza, anakula kweli?

"'Alifunga kufuli, akaenda zake bila kugeuka nyuma.'"

Mama aliweka kikombe chini. "Nani kakwambia sikugeuka?"

"Nilichungulia dirishani, mama. Niliona mgongo wako tu."

"Mgongo! Nilikuwa nageuka nikishafika kona, kwa muuza mkaa, ambako wewe hunioni. Kila siku. Natazama paa, kama halitoi moshi. Yule mzee akinicheka, 'Mama wee, shingo itakatika hiyo!' Halafu kufuli nilitoa wapi? Nilifunga kwa kamba ya kiatu, ili kukiwa na hatari jirani afungue."

Binti aliirudia ile sentensi kwa macho. Miaka thelathini na tano alikuwa na mgongo ule kichwani.

"Basi nifute ukurasa wote, mama? Ukisema futa, nafuta."

Mama alitazama zile karatasi. Hofu ilikuwepo bado. Lakini ukurasa ukifutwa, atabaki mwanamke asiyegeuka, hata kama ni kichwani mwa mtu mmoja tu.

"Usifute. Wakisema, waseme la kweli. Rekebisha."

Binti alikata neno kufuli, akafuta macho kwa kiganja. "Ulifunga fundo gani?"

"Maneno hayatoshi hapo. Vua kiatu, nikuonyeshe."